Kukuza picha kwa vidole viwili: simu inafanyaje, na kwa nini picha nyingine hazisomeki hata ukizikuza

Picha ya kiwavi imetumwa kwenye kundi la WhatsApp la wakulima. Aliyeituma anauliza: huyu ni kiwavijeshi vamizi au ni kiwavi mwingine tu? Watu wanaifungua, wanaweka vidole viwili juu ya kioo na kuvitanua. Picha inakua, lakini kiwavi anageuka ukungu wa kijani na kahawia. Mmoja anasema puliza dawa hii, mwingine anasema ile. Mwenye shamba ana fedha ya dawa moja tu, na mahindi yanaendelea kuliwa.

Katika vipindi vyetu vya kilimo tumekuwa tukiwaomba wasikilizaji watume picha za majani, wadudu na lebo za dawa. Nyingi zinasaidia. Nyingine hazisomeki hata tukizikuza namna gani. Ndiyo maana leo tunaeleza jambo ambalo wenye simu janja hulifanya kila siku bila kulifikiria: kukuza picha kwa kutanua vidole, au kama vijana wanavyosema, kuzumu, na kuiburuta huku na kule. Tutaeleza kinachofanyika ndani ya simu, kwa nini wakati mwingine hakifanyi kazi, na namna ya kupiga na kutuma picha ambayo mtu wa mbali ataweza kuikuza na kuona anachotakiwa kuona. Mwishoni tuna maneno machache kwa vijana wanaotengeneza programu za simu.

Kioo kinajuaje kuwa vidole ni viwili?

Chini ya kioo cha simu janja kuna mistari myembamba sana inayopitisha umeme kidogo. Imelala kama nyuzi za mkeka, mingine ikienda juu na chini, mingine kushoto na kulia, na ni myembamba kiasi kwamba macho hayaioni. Mwili wa binadamu nao hupitisha umeme. Kidole kikigusa kioo, umeme mdogo wa mahali hapo hubadilika. Simu hupima mkeka wote mara nyingi kila sekunde na kujua ni mistari ipi imebadilika. Mabadiliko yakiwa mahali pawili kwa wakati mmoja, simu inajua vidole ni viwili, na inajua kila kimoja kiko wapi.

Hapo utaelewa mambo kadhaa ambayo wengi huyalalamikia. Ukigusa kioo kwa ukucha au kijiti, simu haisikii kitu, kwa sababu kijiti hakipitishi umeme. Matone ya mvua yakidondoka juu ya kioo, simu huchanganyikiwa, kwa sababu maji nayo hubadilisha umeme ule, na picha huruka yenyewe. Mikono iliyokauka au yenye sugu za jembe nayo husikika kwa shida. Simu si mbovu. Ngozi ngumu na kavu hupitisha umeme kidogo kuliko ngozi laini. Futa kioo, nawa mikono, ifute ibaki na unyevu kidogo sana, kisha jaribu tena. Kama kioo cha kukinga ulichobandika juu ni kinene mno au kimepasuka, nacho kinaweza kuzuia. Baadhi ya simu zina sehemu kwenye mipangilio ya kuongeza wepesi wa kioo kuhisi mguso.

Hesabu iliyo nyuma ya vidole

Unapoweka vidole viwili juu ya picha, simu hupima umbali kati yao. Tuseme ni sentimita 3. Ukivitanua hadi sentimita 6, simu hugawa umbali mpya kwa umbali wa mwanzo: 6 gawa kwa 3 ni 2. Basi picha inakuzwa mara 2. Ukivirudisha hadi sentimita 3, picha inarudi ilivyokuwa. Ukivibana hadi sentimita moja na nusu, picha inakuwa nusu yake. Hesabu yenyewe ni kugawanya tu, ila simu huirudia kama mara 60 kila sekunde ili picha ifuate vidole bila kuchelewa. Simu ikizidiwa na kazi nyingine, inashindwa kuhesabu kwa mwendo huo, na wewe unaona picha inakwamakwama.

Lakini kukuza peke yake hakutoshi. Picha inatakiwa ikue kuanzia mahali vidole vilipo. Fikiri kuna doa kwenye jani, na doa hilo liko pikseli 300 kutoka ukingo wa kushoto wa kioo. Pikseli ni kidoti kimoja cha rangi. Picha yote ya simu ni vidoti hivyo vilivyopangwa kwa safu. Ukikuza picha mara 2 kuanzia kona ya kushoto, doa linasogea hadi pikseli 600, na sasa chini ya vidole vyako kuna kitu kingine kabisa. Wewe ulitaka kuona doa, simu inakuonyesha mchanga. Programu nzuri hukuza picha mara 2, na papo hapo huisukuma yote kwenda kushoto kwa pikseli 300, ili doa libaki palepale chini ya vidole. Programu ambayo picha yake "inakimbia" kila ukiikuza, mara nyingi imesahau hatua hiyo ya pili.

Kuburuta picha bila kuipoteza

Picha ikishakuzwa huwa kubwa kuliko kioo, kwa hiyo unaona sehemu tu. Ni kama kuchungulia uwanja kupitia dirishani. Ili uone upande mwingine, unaweka kidole kimoja na kuiburuta.

Hapa programu inatakiwa iweke mipaka. Tuseme kioo kina upana wa pikseli 720, na picha iliyokuzwa ina upana wa pikseli 1440. Picha inaruhusiwa kusogea kushoto kwa pikseli 720 tu, kwa sababu ikipita hapo ukingo wake wa kulia utaingia ndani ya kioo na utaanza kuona weusi mtupu. Programu isiyo na mipaka hukuachia uburute hadi picha ipotee kabisa, na mtu asiyezoea simu hudhani ameifuta.

Kuna pia mgongano wa maana. Kidole kimoja kikitelezeshwa kushoto, mtu anataka kuburuta picha, au anataka kwenda picha inayofuata? Jibu linalotumika na programu nyingi ni hili: picha ikiwa haijakuzwa, kutelezesha kidole ni kwenda picha inayofuata. Picha ikiwa imekuzwa, kutelezesha ni kuiburuta, mpaka ufike ukingoni. Kwa hiyo kama unataka picha inayofuata na simu inakataa, irudishe kwanza picha katika ukubwa wake wa kawaida. Gonga mara mbili kwa haraka, na katika programu nyingi itarudi yenyewe.

Kukuza hakuongezi kilichokosekana

Sasa tunafika kwenye kiini cha tatizo la yule kiwavi. Watu wengi huamini kwamba picha ina kila kitu ndani yake, na kazi ya kukuza ni kukitoa. Sivyo. Picha ina idadi fulani ya pikseli, basi. Ukiikuza kupita idadi hiyo, simu inachukua kidoti kimoja na kukichora kikubwa zaidi, au inapaka rangi za katikati ili vidoti visionekane kama matofali. Ule ukungu unaouona ni simu inayojaza nafasi kwa rangi ambazo kamera haikuziona.

Tufanye hesabu kwa kiwavi. Kiwavijeshi vamizi aliripotiwa Afrika mwaka 2016, na Tanzania mwaka 2017. Anatambulika kwa alama mbili: kichwani ana mstari mweupe unaofanana na herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe nne za mraba. Kiwavi aliyekomaa ana urefu wa sentimita 3 hadi 4, lakini kichwa chake kina upana wa kama milimita 2 na nusu tu.

Chukua kamera ya simu inayopiga picha yenye upana wa pikseli 4000. Ukisimama wima na kupiga picha inayoonyesha shamba kwa upana wa mita moja, kila milimita inapata pikseli 4. Kichwa cha kiwavi kinapata pikseli 10. Huwezi kuchora herufi Y inayosomeka ndani ya vidoti 10 kwa 10, tena ikiwa jani linatikiswa na upepo. Ukichuchumaa na kupiga picha inayoonyesha upana wa sentimita 10 tu, kila milimita inapata pikseli 40, na kichwa kinapata pikseli 100. Hapo anayeikuza ataiona Y, na madoa manne atayahesabu.

Simu ni ileile na kiwavi ni yuleyule. Kilichobadilika ni umbali. Kusogea karibu kunasaidia kuliko kukuza baadaye.

Tahadhari moja: kukuza kwenye kamera kabla ya kupiga hakufanani na kusogea karibu. Katika simu nyingi za bei ya kawaida, ukikuza kabla ya kupiga, kamera inakata tu sehemu ya katikati ya picha na kuitanua. Hupati kitu ambacho usingekipata kwa kukuza baadaye. Sogea wewe, usiisumbue kamera. Lakini pia usisogee mno hadi kamera ishindwe kulenga; kwenye simu nyingi, ukiwa ndani ya sentimita chache picha inafifia. Rudi nyuma kidogo, gusa kioo pale kiwavi alipo ili kamera ilenge hapo, subiri kidogo, kisha piga.

Picha hupunguzwa njiani

Hata picha nzuri inaweza kuharibika safarini. Picha kamili kutoka kwenye simu ya siku hizi inaweza kufika MB 3 hadi 5. Programu za ujumbe huipunguza kabla ya kuituma ili ifike haraka na isile bando. Kupunguza huko kuna sehemu mbili.

Ya kwanza ni kupunguza idadi ya pikseli. Picha ya upana wa pikseli 4000 ikipunguzwa hadi 1600, kile kichwa cha kiwavi cha pikseli 10 kinabaki na pikseli 4. Ya pili ni kubana. Picha nyingi za simu huhifadhiwa kwa mtindo unaoitwa JPEG, ambao hugawa picha katika viraka vya pikseli 8 kwa 8, kisha katika kila kiraka hutupa mambo madogomadogo ambayo jicho halitayakumbuka. Kwa picha ya harusi hakuna atakayegundua. Kwa picha ya lebo yenye maandishi madogo, mambo madogomadogo yaliyotupwa ndiyo maandishi yenyewe. Ukikuza picha iliyobanwa sana utaviona viraka hivyo kama vigae vya sakafu. Na picha ikipitia mikono mingi, mtu akipiga picha ya kioo cha simu yake na mwingine akafanya hivyohivyo, kila hatua inaweza kutupa kitu kingine.

Ukitaka picha ifike ikiwa na uzima wake, kuna njia mbili ndani ya WhatsApp. Tangu mwaka 2023 kuna alama ya HD inayojitokeza juu ya picha kabla hujaituma. Ukiigusa na kuchagua HD, picha hupunguzwa kidogo kuliko kawaida. Njia ya pili ni kutuma picha kama hati: gusa alama ya kuambatanisha, chagua hati badala ya picha, kisha tafuta picha yako. Hiyo huenda kama ilivyo. Zote mbili zitakula bando zaidi, kwa hiyo zitumie pale panapohitajika: lebo, mdudu, jani lenye ugonjwa, cheti, ramani ya kiwanja. Picha ya mtoto anayecheka inaweza kwenda kwa njia ya kawaida.

Je, kukuza picha kunakula bando?

Picha ikishafika kwenye simu yako, kuikuza na kuiburuta hakuli hata senti. Kila kitu kinafanyika ndani ya simu.

Ramani ni tofauti. Ramani ya dunia nzima ni kubwa mno kuingia kwenye simu, kwa hiyo imekatwa vipande vya mraba, kama vigae. Mpango huu ulijulikana sana baada ya Google kutoa ramani zake mwaka 2005. Katika hatua ya kwanza kabisa dunia yote ni kigae kimoja. Ukikuza hatua moja, kila kigae kinagawanyika kuwa vinne. Hatua ya pili ni vigae 16, ya tatu ni 64, na kuendelea. Simu hupakua vile tu vinavyoonekana kwenye kioo chako. Ndiyo sababu ukikuza ramani mahali penye mtandao hafifu unaona miraba mitupu inayojaa mmoja mmoja, na ndiyo sababu kila ukikuza au kuburuta hadi sehemu mpya, bando linapungua. Ukijua utakwenda mahali pasipo na mtandao, pakua ramani ya eneo hilo mapema ukiwa mjini. Programu nyingi za ramani zinaruhusu.

Na simu inapojifunga?

Wengine huona simu ikikwama au programu ikijifunga yenyewe picha kubwa inapofunguliwa. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12. Ikiwa kwenye kioo, kila pikseli huchukua baiti 4 za kumbukumbu ya kazi. Jumla ni baiti milioni 48, yaani takriban MB 48, hata kama faili lenyewe lilikuwa MB 3. Simu yenye kumbukumbu ya kazi ya GB moja, ambayo tayari ina redio, WhatsApp na programu nyingine, inaweza kulemewa. Funga programu usizotumia, kisha jaribu tena. Programu iliyotengenezwa vizuri hufungua kwanza nakala ndogo inayotosha kioo, halafu huleta undani wa sehemu ile tu unayoikuza.

Ukiwa na mkono mmoja, au macho yamechoka

Si kila mtu ana vidole viwili vilivyo huru. Mama amebeba mtoto, mwingine ameshika jembe, mwingine ana kidole kilichoumia. Katika programu nyingi za picha, kugonga mara mbili kwa kidole kimoja hukuza picha pale ulipogonga. Katika baadhi ya programu, hasa za ramani, unaweza kugonga mara mbili, na mara ya pili usiinue kidole: kitelezeshe juu au chini na ramani itakua au kupungua.

Kwa wazee na wenye uoni hafifu, simu za Android zina kikuzaji cha kioo kizima. Kinapatikana kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu. Ukikiwasha, unaweza kukuza kitu chochote kilicho kwenye kioo, hata maandishi ya ujumbe na vitufe ambavyo kwa kawaida havikuziki, na kuburuta kwa vidole viwili. Simu za iPhone nazo zina kitu kama hicho, ila huko hutumika vidole vitatu. Kijana uliyeko nyumbani, mwekee babu au bibi kikuzaji hiki leo na umfundishe. Mtu asiyeweza kusoma ujumbe wa fedha mwenyewe hulazimika kumpa mtu mwingine simu amsomee, na hapo ndipo wengine huibiwa.

Ilitoka wapi?

Mchezo huu wa vidole ni wa zamani kuliko simu janja. Miaka ya mwanzo ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, Nimish Mehta alitengeneza kifaa kilichoweza kutambua vidole zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja. Miaka hiyohiyo Mmarekani Myron Krueger alionyesha mitambo iliyofuata mikono na vidole vya mtu kwa kamera. Mwezi Februari 2006 Jeff Han alionyesha hadharani huko California meza ya kioo ambayo picha juu yake zilikuzwa na kuzungushwa kwa vidole. Kilichoifikisha kwa watu wengi ni simu ya iPhone, ambayo Steve Jobs wa kampuni ya Apple aliionyesha San Francisco tarehe 9 Januari 2007.

Baadaye ikawa kesi. Mwaka 2012 baraza la mahakama mjini San Jose, California, liliona kwamba Samsung imekiuka hataza kadhaa za Apple, mojawapo ikihusu namna simu inavyotofautisha kidole kimoja kinachoburuta na viwili vinavyokuza. Fidia ya kwanza ilizidi dola bilioni moja, kisha ikapunguzwa, na kampuni hizo zikamaliza mzozo wao kwa makubaliano mwaka 2018. Hesabu ya kugawanya sentimita 6 kwa 3 ilizua mvutano wa miaka.

Kwa vijana wanaotengeneza programu

Tunajua wapo vijana vijijini wanaojifunza kutengeneza programu za vyama vya msingi, vikundi vya kuweka na kukopa, na maduka ya pembejeo. Kama programu yako inaonyesha picha, zingatia haya.

Usiandike upya kinachopatikana tayari. Android ina zana ya kupima kutanuka kwa vidole tangu toleo 2.2 la mwaka 2010, na zipo maktaba za bure za kukuza picha zilizojaribiwa na wengi.

Hifadhi mambo matatu tu: picha imekuzwa mara ngapi, imesogea kiasi gani kulia au kushoto, na kiasi gani juu au chini. Kila mguso ubadilishe hayo matatu, kisha ichore picha upya.

Kuza kuanzia katikati ya vidole viwili, si kuanzia kona ya picha.

Weka mipaka. Picha isipungue kuliko kioo, na isikuzwe kupita pale ambapo haina undani tena. Baada ya kila badiliko hakikisha hakuna weusi ulioingia pasipohitajika.

Angalia wakati mtu anapoinua kidole kimoja kati ya viwili. Kama programu yako inafuata katikati ya vidole, katikati hiyo itahamia ghafla kwenye kidole kilichobaki na picha itaruka. Anza kuhesabu upya kuanzia kidole kilichobaki.

Usihesabu kila mtikisiko kuwa ni kuburuta. Mkono wa binadamu hautulii. Acha kidole kisogee kidogo kwanza ndipo picha ianze kusogea, la sivyo kugonga mara mbili hakutafanikiwa kamwe.

Ijaribu kwenye simu ya bei ndogo, juani, kwa mikono iliyotoka shambani. Programu inayokwenda vizuri kwenye simu ya gharama iliyo mezani bado haijajaribiwa.

Na kumbuka kwamba si lazima kila kitu kipitie kwenye mtandao. Programu ya PlantVillage Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kwa kushirikiana na IITA na FAO, hutumia kamera ya simu kutambua magonjwa ya mihogo na madhara ya kiwavijeshi vamizi, na inaweza kufanya kazi hiyo pasipo intaneti. Jina lake ni neno letu wenyewe: nuru.

Kabla hujatuma picha kwetu au kwa afisa ugani

Futa kamera kwa kitambaa safi. Mafuta ya vidole huleta ukungu ambao hakuna kukuza kutakakouondoa. Piga picha kwenye mwanga wa mchana, ukiwa kivulini kama lebo inang'aa. Piga mbili: moja ya mmea mzima, nyingine ya karibu kabisa. Zikuze mwenyewe kwanza. Kama wewe huoni alama unayoulizia, nasi hatutaiona. Na kabla hujatuma, zungusha macho kwenye pembe zote za picha, kwa sababu tutakaopokea tunaweza kukuza kila kona: namba ya kitambulisho iliyo mezani, namba ya siri iliyoandikwa ukutani, uso wa mtoto wa jirani.

Jambo la mwisho ni la usalama wa maisha. Kwenye lebo ya kiuatilifu kuna kipimo cha dawa kwa lita za maji, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Katika picha iliyofifia, 3 hufanana na 8, 1 hufanana na 7, na nukta ya 1.5 hupotea ikabaki 15, yaani mara kumi. Zipo sasa programu zinazodai kusafisha picha zenye ukungu. Programu hizo hubuni vidoti ambavyo kamera haikuviona, na zinaweza kukuletea tarakimu safi, nyeusi, inayosomeka vizuri, ambayo si ya kweli. Usipime dawa kwa tarakimu ya namna hiyo. Omba picha nyingine iliyopigwa karibu, au mwambie aliye na chupa akusomee kwa sauti tarakimu moja moja, nawe umrudishie. Au nenda dukani ukaisome chupa yenyewe, na uangalie kama ina namba ya usajili ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Kama hakuna anayeweza kuisoma lebo, bomba likae chini mpaka apatikane.